Kadi Imefungwa, Pumzi Haijarudi

*Katika mwambao wa Ziwa Victoria, ambako chakula chenye rutuba huanikwa mchangani mbele ya macho ya kila mpita njia, wagonjwa wa mapafu hununua siha iliyotiwa ndani ya kopo. Nini thamani ya virutubisho hivyo, na ni wajibu wa nani kumlisha mtu ambaye dawa zake zimekwisha lakini pumzi haijarudi?*

Saa kumi na mbili za asubuhi, jua likiwa bado halijachungulia nyuma ya majabali ya Mwanza, soko la Mwaloni pale Kirumba huwa limekwisha kuchangamka kama harusi: malori yamepanga safu yakingoja magunia ya dagaa ya kwenda mikoani na nje ya mipaka, makuli wanapishana migongo imeinama, na wanawake wanachambua dagaa kwa mikono miepesi, huku harufu ya samaki wakavu ikiwa imeshika kila nguo na kila pumzi.

Pembeni ya msongamano huo, juu ya gunia tupu lililokunjwa mara nne, ameketi mzee mmoja wa umri upatao miaka hamsini na mitano, ambaye zamani alikuwa kuli wa kutegemewa na ambaye sasa kazi yake ni kuhesabu magunia ya wenzake na kuyaandika katika daftari. Kwani hatua ishirini mfululizo zatosha kumfanya asimame, ashike magoti, na kuvuta pumzi kwa mdomo kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Nilipomwamkia kwa “Mwangaluka, mzee,” aliitikia kwanza kwa mkono. Sauti ilifuata baadaye.

Ndani ya kikapu chake mna vitu viwili ambavyo hatembei bila ya kuwa navyo. Cha kwanza ni kadi ya matibabu ya kifua kikuu, iliyochakaa pembeni, ambayo mstari wake wa mwisho, ulioandikwa miaka mitatu iliyopita, una neno moja tu: amepona. Cha pili ni kopo la unga wa virutubisho, lenye picha ya kijana aliyetunisha misuli, alilouziwa na mchuuzi apitaye sokoni na begi begani kwa bei iliyolingana na pato lake la juma zima.

“Hospitali waliniambia nimepona,” alisema, akipumzika baina ya maneno, “na kweli damu ilikoma kutoka kifuani. Lakini, mwanangu, aliyepona ndiye mimi huyu?”

Maradhi yanayomla mlaji

Mtu mwenye siha hana habari na pumzi zake. Misuli ya kifua na kiwambo kilicho chini yake hufanya kazi usiku na mchana kwa gharama ndogo sana ya nguvu za mwili, kiasi kwamba hakuna ajuaye kuwa kupumua nako ni kazi. Lakini pafu likiisha kupata makovu ya kifua kikuu, au njia zake za hewa zikiisha kusinyaa kwa moshi wa miaka mingi, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, au likiisha kujaa vumbi la mawe ya dhahabu yasagwayo katika makarasha ya Geita, kazi hiyo ndogo hugeuka kuwa kibarua kizito kisicho na siku ya mapumziko, na chakula ambacho kingejenga mwili huteketea katika kuvuta hewa tu.

Ajabu ya msiba huu ni kwamba mwili uhitajio zaidi ndio upatao kidogo. Mdomo unaotafuna ndio huohuo unaotafuta hewa, na kila tonge limezwalo hukata pumzi moja. Tumbo likijaa huinua kiwambo na kuibana nafasi ya mapafu. Na maradhi yenyewe huiondoa hamu ya kula. Hivyo mgonjwa hujikuta anaacha chakula sahanini si kwa kushiba, bali kwa kuchoka kula, na mwili wake, ukikosa cha kuchoma, huanza kuichoma misuli yake wenyewe, na ile ya kupumulia haisalimiki.

> Mgonjwa huacha chakula sahanini si kwa kushiba, bali kwa kuchoka kula.

Kwa sababu hiyo wazo la kumpa mgonjwa kitu kidogo kwa ujazo lakini kikubwa kwa rutuba, kiwe kidonge, biskuti au unga wa kukorogwa, si wazo la kipuuzi wala si hila ya wachuuzi peke yao. Waganga wenye elimu wamelifikiria tangu zamani, na baadhi ya majaribio mashuhuri ya wazo hilo barani Afrika yalifanyika hapahapa Mwanza.

Kutoka Kibong’oto hadi kadi

Ulikuwapo wakati ambapo chakula ndicho kilichokuwa dawa. Mwaka 1926, katika miteremko ya Kilimanjaro, ilifunguliwa Kibong’oto, mahali pa kuwalaza wagonjwa wa kifua kikuu, katika wilaya ambayo leo inaitwa Siha, jina ambalo, kwa bahati ya lugha, watu wa pwani hulitumia kwa maana ya afya. Zama hizo hapakuwa na kidonge cha kuua vijidudu vya maradhi hayo. Palikuwa na hewa safi, kitanda, mapumziko marefu na mlo wa kutosha, na mwenye bahati alirudi nyumbani.

Dawa zilipopatikana, mambo yakageuka. Katika mji wa Madras nchini India, kuanzia mwaka 1956, wagonjwa maskini waligawanywa makundi mawili, wengine wakilazwa hospitalini na kulishwa vizuri, wengine wakitibiwa majumbani mwao ambamo chakula kilikuwa haba na kazi nyingi; na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1959 yakaonyesha kuwa waliobaki nyumbani walipona kwa kiasi kinachokaribiana sana na wenzao, ingawa wale wa hospitalini ndio walionenepa zaidi. Somo lililochukuliwa na ulimwengu lilikuwa wazi: dawa yatosha. Vitanda vikapunguzwa, na majiko ya hospitali za kifua kikuu yakapoa.

Tanzania ililijenga jengo lake juu ya msingi huo, na ililijenga vizuri. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu na kwa uongozi wa Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye kifua kikuu alikijua kwa mwili wake, maana kilimpata akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahali ambapo njaa ilikuwa sehemu ya adhabu. Utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa, kumwandika katika daftari na kumfuata hadi mwisho wa dozi ulikuja kuigwa na mataifa mengi.

Lakini daftari, kwa tabia yake, huwa na safu maalumu, na kisicho na safu hakiandikwi. Ipo safu ya makohozi, ipo ya dawa, ipo ya hitimisho la matibabu. Safu ya kusema mgonjwa amerudi na pumzi gani, na nyumbani kwake kunapikwa nini, haikuwekwa.

Vidonge, biskuti na mizani ya Mwanza

Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na wenzao wa Denmark, waliamua kulirudisha swali la chakula mezani, safari hii kwa mizani na hesabu. Kuanzia mwaka 2001 waliwachukua wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu, na kwa njia ya bahati nasibu wakawagawa makundi manne: waliopewa madini ya zinki miligramu 45 kwa siku, waliopewa mchanganyiko wa vitamini pamoja na madini ya seleni na shaba, waliopewa vyote viwili, na waliopewa vidonge vitupu visivyo na kitu, wote wakiendelea na dawa zao, ambazo zama hizo zilimezwa kwa miezi minane.

Matokeo yaliyochapwa mwaka 2006 yanafaa kusomwa polepole, kwa kuwa kila upande katika ubishi wa leo huweza kuokota humo hoja ya kumfaa. Wagonjwa walikuwa 499, na 213 miongoni mwao walikuwa na virusi vya UKIMWI. Waliopewa zinki na vitamini kwa pamoja waliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 2.37 kuliko wenzao. Aliyepewa kimoja peke yake hakupata faida hiyo. Kuhusu vifo, ambavyo vilikuwa 52 miongoni mwa wale ambao hali yao ilijulikana hadi mwisho, hesabu ya jumla haikuonyesha kuwa virutubisho viliokoa watu. Lakini kwa wale waishio na virusi vya UKIMWI, waliopata vyote viwili hatari yao ya kufa ilishuka hadi chini ya theluthi moja ya ile ya wenzao. Tukumbuke kuwa hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 2004, ambapo dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu.

> Vitamini na zinki kwa pamoja: kilo 2.37 zaidi. Kimoja peke yake: hakuna.

Habari njema kama hiyo hudai kuthibitishwa, na uthibitisho haukuja kwa urahisi. Katika jaribio lililofuata Mwanza, ambamo vitamini zilitiwa ndani ya biskuti, na ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, mambo yakageuka juu chini: waliofaidika kwa uzito na kwa nguvu ya kukaza kiganja walikuwa wale wasio na virusi vya UKIMWI, ilhali wenye virusi hawakupata faida. Mwaka uliofuata likaja jibu la swali jingine, maana wagonjwa 377 wenye maradhi yote mawili walikuwa wamepewa ama biskuti moja au biskuti sita kila siku kwa siku 60. Baada ya miezi miwili uzito wa kundi zima haukutofautiana, isipokuwa kwa wale ambao kinga yao ya mwili ilikuwa bado ina nguvu.

Kisha likaja jaribio kubwa kuliko yote hayo, lililofanyika Mwanza na Lusaka baina ya mwaka 2011 na 2013, ambamo watu 1,815 waliokonda sana na waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi walipewa lishe nzito yenye mafuta, nusu yao ikiwa imeongezwa vitamini na madini kwa wingi. Nyongeza hiyo haikupunguza vifo.

Msomaji asije akadhani kuwa wataalamu hao walishindwa. Yupo mtu anayepima ili apate jibu alitakalo, na yupo anayepima ili apate jibu lililopo. Hawa walikuwa wa namna ya pili, na jibu lililopo ni kwamba kirutubisho humsaidia mtu fulani, kwa wakati fulani, kikiwa na mchanganyiko fulani, wala hakuna kopo moja lililo dawa ya kila kifua.

Kwa wale ambao mapafu yao yamezibwa na moshi au tumbaku, hali ni hiyohiyo. Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya watu wengi na kuyapima kwa pamoja, lilichambua mwaka 2012 majaribio 17 yenye wagonjwa 632, likaona kuwa lishe ya nyongeza huwaongezea uzito wagonjwa hao, hasa waliokuwa wamekonda. Waliokonda: neno hilo ndilo ambalo picha ya kijana mwenye misuli katika kopo hailisemi.

Wasemao kopo na wasemao sahani

Kijana auzaye makopo hayo nilimkuta karibu na kituo cha daladala, amevaa shati jeupe na tai, na maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi kama shati lake. “Mimi, bwana, siuzi dawa,” alisema. “Nauza lishe.”

Neno hilo moja si dogo. Tangu mwaka 2019, baada ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kubadilishwa, dawa na vifaa tiba vimebaki chini ya mamlaka mpya, TMDA, na usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo asemaye “dawa” na asemaye “lishe” hawasimami mbele ya hakimu mmoja. Mnunuzi, ambaye masikioni mwake maneno yote mawili yana maana moja ya kupona, hajui hata aende kuuliza kwa nani.

Nilipomwuliza kijana huyo iwapo humshauri mteja apime sukari kabla ya kununua unga ule mtamu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa hilo ni la daktari. Si neno la kupuuzwa. Uchunguzi mwingine wa hapahapa Mwanza, uliotangazwa mwaka 2011, ulipima wagonjwa wa kifua kikuu 803 ukakuta asilimia 16.7 wana kisukari, ilhali miongoni mwa majirani wasio na kifua kikuu walikuwa asilimia 9.4. Kumkorogea mtu wa namna hiyo sukari kwa jina la siha ni kumwokoa na mto kwa kumtupa ziwani.

Upo pia ushahidi mzito zaidi wa kuwa si kila kiitwacho vitamini hakina madhara. Nchini Finland wanaume wavutao sigara 29,133 waligawiwa, wengine kidonge cha beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe, na wengine kidonge kitupu, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Na mwaka 1994 dunia ikapigwa na butwaa kusikia kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Karoti sahanini haijapata kumdhuru mvutaji. Iliyofungwa kidongeni ilimdhuru.

> Wavutaji 29,133 nchini Finland walipewa vidonge ili wakingwe, saratani ikaongezeka.

Upande wa pili wako watu wa zahanati. Mwuguzi mmoja wa miaka mingi, ambaye huwahudumia wagonjwa wa kifua katika kitongoji kimoja cha jiji, anayasema mashauri yake kwa namna ambayo mama humwambia mwana: “Baba, usingoje mlo mkubwa. Kula mara tano, kidogo kidogo. Pumzika kwanza, ndipo ule. Uji wako utie karanga zilizotwangwa na mafuta kijiko, na dagaa waliosagwa, walioondolewa mchanga. Yai ukilipata, lisikupite.”

Mashauri hayo yana hekima, nayo hayapingani na vitabu vya tiba. Lakini mwuguzi mwenyewe anakiri kwamba asilimia kubwa ya nguvu za ushauri hupotea mlangoni mwa zahanati, kwa kuwa yeye hugawa maneno, ilhali yai halinunuliwi kwa maneno.

Dagaa wa kula na dagaa wa kuku

Hapo ndipo mtu akitoka zahanati akashuka hadi ufukweni huona jambo la kumfanya atafakari. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zieleazo juu ya maji ili zimvute samaki juu. Asubuhi humwagwa kuanikwa, na jua likiwa kali jioni yake wamekwisha kukauka. Samaki huyo mdogo huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa sababu hiyo hubeba chokaa ya mifupa, chuma na zinki ambavyo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiasi hicho. Na akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Sangara, yule mkubwa, minofu yake hupanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na miiba iliyobaki, ndiyo yaliyozoeleka katika majiko ya maskini. Dagaa naye amepata soko lake nje ya binadamu: sehemu kubwa ya mavuno yake husagwa kuwa chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Aghalabu mchanga ndio uamuao. Aliyeanikwa juu ya vichanja huuzwa kwa bei ya kuliwa. Aliyemwagwa chini akachanganyika na mchanga, au aliyenyeshewa akaanza kunuka, huitwa dagaa wa kuku. Hivyo basi, baina ya kichanja cha miti na wavu na mchanga mtupu, ndipo inapokatwa hukumu ya chakula kiende tumboni mwa nani.

Haitakuwa haki kudai kuwa bakuli la dagaa litafanya kazi ya kidonge kilichojaribiwa NIMR, kwani miligramu 45 za zinki ni takriban mara nne ya mahitaji ya kila siku ya mtu mzima, na hakuna apataye kiasi hicho kwa kula dagaa tu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na chepesi kuthibitisha: mtu asiyepata chakula cha kumtosha hawezi kuongezewa. Nyongeza ni ya juu ya kitu, wala haiwi nyongeza juu ya pengo.

Moshi wa mama lishe

Katika Mwaloni huohuo, nyuma ya magunia, wako wanawake ambao lugha yetu imewapa jina la heshima kuliko vyeo vingi: mama lishe. Ndio wawalishao makuli ugali na sato na maharage tangu alfajiri. Nilikaa katika kibanda cha mmoja wao kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na kabla sijakimaliza macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, maana kuni zilikuwa mbichi na bati la paa liko chini. Yeye alikohoa mara saba. Sikuwa nimekusudia kuhesabu.

Jirani zake, wakaushao sangara kwa moshi, wana hali iliyo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na maradhi sugu ya mapafu yamo katika orodha ya wauaji hao. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Mama yule amesikia habari za gesi; mtungi anao, umesimama pembeni ukiwa mtupu, na juu yake ameweka sufuria. Alishaye wengine anapoteza pumzi katika kuwalisha, na siku pumzi itakapomwishia hakuna kadi itakayoandikwa kwa jina lake, maana maradhi yake hayana hata hiyo kadi ya kufungwa.

Kilichopimwa India

Kama Madras ndiko chakula kilikoondolewa mezani, yafaa kusema kuwa ni nchi hiyohiyo iliyokirudisha. Katika jimbo la Jharkhand, baina ya mwaka 2019 na 2022, wagonjwa 2,800 wa kifua kikuu walipewa kila mwezi kilo 10 za vyakula vya kawaida, mchele, dengu, maziwa ya unga na mafuta, pamoja na kidonge cha vitamini. Na watu wa nyumbani mwao, wapatao 10,345, waligawanywa, baadhi wakipewa mgawo wao na wengine la. Katika nyumba ambazo familia nzima ililishwa, kifua kikuu kipya kilipungua kwa asilimia 39, na kile cha mapafu kiambukizacho kwa asilimia 48. Tena mgonjwa aliyeongezeka uzito katika miezi miwili ya kwanza alionekana kuwa mbali zaidi na kifo.

> Aliyelishwa hakuwa mgonjwa peke yake, bali nyumba nzima.

Tofauti ya jaribio hilo na makopo ya Mwaloni haimo katika vitamini, ambazo ziko pande zote mbili. Imo katika idadi ya sahani. Wenye mpango walifahamu jambo ambalo kila mzazi wa pwani na wa bara analifahamu, ya kuwa hakuna mtu atakayekunywa uji wake peke yake mbele ya wanawe wenye njaa.

Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa ajili ya kuuzungumzia kwa mara ya kwanza katika kongamano lake lenyewe ugonjwa wa mapafu ubakiao baada ya kifua kikuu kupona. Kuupa ugonjwa jina ni hatua, lakini kwetu hatua iliyo karibu zaidi yaweza kuwa ndogo kuliko kongamano. Zahanati zina mizani, zina utepe wa kupimia mkono, na zina daftari. Mgonjwa aliyemaliza dozi angeitwa kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja, akapimwa uzito, akaulizwa hatua ngapi anakwenda kabla ya kusimama, na aliyekonda akaandikiwa chakula cha nyumba yake kama alivyoandikiwa dawa. Wapo watakaosema fedha ziko wapi, nalo ni swali la haki, kwa kuwa kila shilingi ya dengu ni shilingi iliyotoka mahali pengine. Lakini fedha zinatumika hata sasa: kuli anazitoa mfukoni mwake, pato la juma zima kwa kopo moja, na hakuna apimaye zimenunua nini.

Kopo

Nilirejea Mwaloni baada ya majuma mawili. Mzee alikuwa mahali pake, daftari gotini, na mkewe alikuwa karibu naye akiwauzia wapita njia dagaa wa rejareja kutoka katika beseni. Nikamwuliza habari ya unga wake.

Ulikuwa uishe kwa mwezi, alisema, ukaisha kwa siku tisa. Watoto ni wanne na mjukuu mmoja. Asubuhi ya kwanza alikoroga kikombe kimoja, wakamtazama, na asubuhi ya pili akakoroga sufuria. Umemsaidia? Alifikiri sana kabla ya kujibu, kama mtu anayetaka kutenda haki kwa pande zote. Kwa siku zile tisa, alisema, walikwenda shule wameshiba.

Mkewe aliinama, akachota dagaa, akasawazisha kwa kiganja, akamimina katika mfuko wa mteja. Kipimo alichokitumia kilikuwa ni lile kopo, kijana mwenye misuli akiwa bado ubavuni mwake, ameanza kubanduka.

“Kopo limepata kazi,” mzee alisema akitabasamu. Kisha akainua mkono, akiniashiria nisiondoke, akangoja hadi pumzi ikamrudia.

“Bado mimi.”